Mama Taratibu na Jiwe la Machimboni

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 11 Machi 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa machimbo ya mawe, safu ya pili, chumba cha mwisho, kile ambacho ukuta wake wa nyuma ulitikisika kila baruti ilipolipuliwa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano, na binti wa kwanza. Baba yake alikuwa mvunja mawe, mama yake mfuaji wa nguo. Mama alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu hakushtuka baruti ilipolia; alishtuka siku za mapumziko, isipolia. Jina alilopewa na wazazi wake liko kwenye jalada la ratiba hii. Wengi waliofika leo hawakulijua mpaka walipolisoma getini asubuhi hii, kwa hiyo humu ataitwa kwa jina aliloliitikia: Mama Taratibu.

Alikuwa na umri wa miaka tisa jiwe lilipomvunja baba yake mguu. Ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Juni 1960. Jiwe lenyewe lilikuwa refu kama watu watatu waliolala kichwa kwa miguu, limechongwa pande zote nne, na lilikuwa linavutwa kwa kamba kupelekwa kwenye lori. Dereva wa lori alikuwa na haraka, msimamizi akawa na haraka zaidi ya dereva, na neno "Vuta!" likatoka kabla mtu hajaweka kabari chini ya jiwe kulizuia lisirudi. Upande mmoja wa kamba ukavuta, upande wa pili ukawa bado unatema mate mikononi. Jiwe likajipinda, likarudi nyuma, likakuta mguu.

Baba hakufa. Aliishi miaka ishirini na minane mingine, akifuma viti kibarazani, gongo lake limeegemezwa ukutani. Jiwe nalo liliachwa pale pale ukingoni mwa machimbo, maana hakuna aliyetaka kuligusa tena. Watoto wa mtaa walilirushia kokoto wakipita. Siku moja binti yake naye aliokota kokoto, akarusha, akaja kujisifu nyumbani. Baba yake aliweka chini kiti alichokuwa anafuma.

"Limekukosea nini?"

"Limekuvunja mguu, baba."

"Jiwe lilikwenda lilikovutwa. Tusiongojana ni sisi."

Maneno hayo aliyabeba maisha yake yote. Wanaotaka kumwelewa mwanamke huyu wanaweza kuishia hapo. Yaliyobaki ni namna alivyoyafanyia kazi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia mwaka 1958, kisha sekondari ya wasichana mjini mpaka 1969. Hesabu aliziweza, kushona hakukuweza, na mwalimu wa kushona aliandika kwamba "anafunga mafundo ya kufungia meli." Katika somo la historia walionyeshwa picha ya mawe makubwa yaliyosimamishwa na watu wa kale, nchi za mbali, kabla ya injini na kabla hata ya chuma. Mwalimu akasema watu wale walikuwa wengi na hawakuogopa kufa. Darasa likaandika. Yeye akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kamba walifunga wapi?"

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikaribia picha, akaiangalia kwa muda, akasema, "Sijui, mwanangu. Ukijua uje unieleze." Hiyo nayo aliichukua kama deni. Mwaka 1993 alimtafuta mwalimu yule, tayari ni mzee anayemwagilia maua nyuma ya nyumba yake, akatandaza mezani matofali mawili, kalamu za risasi na kamba ya viatu, akamweleza mpaka chai ikapoa. Mwalimu alisema, "Ningejua jibu linachukua miaka ishirini na mitano, ningekupa mtihani mwepesi zaidi."

Mwaka 1972 aliingia mafunzo ya kuendesha kreni bandarini, mwanamke pekee katika kundi lake. Siku ya kwanza kuparamia ngazi ndefu ya chuma, mpagazi mmoja alimwita kutoka chini, "Dada, utapandaje huko na sketi?" Akajibu bila kugeuka, "Napanda na akili. Sketi nitakuvulia uishike, kama huna kazi." Kesho yake alikuja na suruali, na mpagazi yule akawa rafiki yake mpaka alipostaafu. Alikaa juu ya kreni miaka thelathini na mitano, hapa na katika bandari za nchi nyingine alikopata mikataba kati ya 1983 na 1991. Hakuwahi kuangusha mzigo. Waliofanya kazi chini yake wanasema ukisikia sauti yake kwenye spika ikisema "taratibu," ulikuwa unajua kwamba mtu huyu ameshakuona, na amekuona wewe kabla ya kuuona mzigo. Jina likashika hapo.

Alisema lugha sita, zote kwa makosa na bila aibu. Katika kila bandari mpya neno la kwanza kujifunza halikuwa salamu wala "asante," lilikuwa "ngoja." Salamu, alisema, ukiikosea watu watacheka, "ngoja" ukiikosea watu watalia. Na siku za mapumziko, wenzake walipokwenda madukani, yeye alipanda basi kwenda kutazama mawe ya kale: nguzo, sanamu, mistari ya mawe iliyosimama mashambani katikati ya kondoo. Alizunguka nyuma, ambako mtu yeyote hapigi picha, akipapasa kutafuta alama za kamba. Aliwauliza walinzi nani aliyeyasimamisha. Huku akaambiwa majitu. Kule akaambiwa malaika. Mahali pamoja mlinzi, kijana mwenye cheo begani, alimhakikishia kwamba ni viumbe walioshuka kutoka nyotani. Alirudi nyumbani akisema, "Kila nchi niliyokwenda, watu wako tayari kumsifu yeyote isipokuwa babu zao."

Tarehe 2 Desemba 1978 alifunga ndoa na mwoka mikate wa duka la kona, aliye mbele yetu leo. Walikutana kwa sababu ya miti ya kusukumia donge. Alikuja dukani asubuhi, akanunua mkate, kisha akauliza kama angeweza kuazima miti mitano, ya unene mmoja, kwa nusu saa.

"Unaoka?" mwokaji akauliza.

"La. Nataka kusogeza tofali."

Mwokaji akatoa miti, akatoka nje ya kaunta kutazama. Binti yule alipanga miti sakafuni, akaweka tofali juu yake, akalisukuma kwa kidole kimoja tu, akihamisha mti wa nyuma kuuleta mbele kila ulipoachwa. Tofali likapita mbele ya foleni ya wateja, likatoka mlangoni. Mwokaji alisema siku ile alijua mambo mawili: kwamba atamwoa, na kwamba itabidi anunue miti mingine. Alipopata mikataba ya nje, mume alifunga duka akaenda naye, akisema mkate unaliwa kila mahali. Mtoto wao wa pekee, mvulana, alizaliwa mwaka 1984 katika nyumba ya ghorofa inayotazama gati, na neno lake la kwanza, wazazi wanaapa, lilikuwa "ngoja" katika lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeikumbuka sasa.

Alistaafu mwaka 2007, na wiki iliyofuata akaanza. Hakutaka kusoma tu jinsi watu wa kale walivyofanya. Alitaka mikono yake ijue. Uwanja wa nyuma wa duka ukajaa magogo, kamba za katani, mbao za kutelezea, na nyenzo, yaani miti mirefu ya kukwezea jiwe upande mmoja ili uingize ubao chini yake, kisha upande wa pili, kisha tena, mpaka jiwe limepanda juu ya ngazi ya mbao bila mtu kulibeba. Alianza na mawe ya ukingo wa barabara yaliyotupwa na halmashauri. Majirani walikuja kucheka, na kwa kuwa walikuwa wamesimama tu, akawapa kamba. Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kikosi cha Jumamosi. Walikuwemo fundi wa baiskeli, karani wa posta, walimu wawili wasiosemezana, na yeyote aliyekuwa amekuja kununua mkate akachelewa kuondoka.

Mtu mmoja akimwambia penye wengi hapaharibiki neno, alijibu, "Penye wengi panaharibika vidole, kila mmoja akivuta kwa saa yake." Kwa hiyo aliwafundisha kwanza kusimama. Jumamosi nzima walishika kamba isiyofungwa kitu chochote, akaita "Ngoja!" nao wakaacha, mpaka walipoweza kuacha wote kwa pumzi moja. Karani wa posta alilalamika kwamba ametoka kazini ambako anasimama bila kufanya kitu, amekuja hapa kufanya vilevile.

Septemba 2009 alikosea. Ni lazima lisemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alilisema kila mara. Alikuwa anapima ni kipi kinachotelezesha mbao vizuri zaidi: maji, mafuta au sabuni. Sabuni ilishinda kupita kiasi. Jiwe dogo, la ukubwa wa meza, liliondoka juu ya kitelezi chake, likakata uchochoro unaoteremka, likapita geti la daktari wa meno, likavunja ukuta mfupi wa bustani, likasimama mbele ya benchi la wagonjwa. Kwenye benchi kulikuwa na mzee mwenye shavu lililovimba. Mzee akalitazama jiwe, akainuka, akasema, "Daktari, nadhani jino limepona," akaenda zake.

Mtaa ulicheka mwezi mzima. Mama Taratibu hakucheka. Alirudi nyumbani, akaketi kwenye magunia ya unga, akamwambia mumewe, "Sikuweka kabari." Katika shauku ya kuona nani atashinda, sabuni au mafuta, alikuwa amefanya kosa lile lile la msimamizi wa mwaka 1960, na tofauti kati ya mguu wa baba yake na mguu wa yule mzee ilikuwa bahati tu. Alizikunja kamba, akazitundika darini. Karibu mwaka mzima hakugusa jiwe. Alisaidia kukanda donge, na mumewe anasema mikate ya mwaka ule ilikuwa migumu.

Aliyemrudisha ni daktari wa meno mwenyewe. Aliingia dukani akiwa na koti lake jeupe, akanunua mikate miwili, akabaki amesimama.

"Ukuta wangu umekauka, jirani. Wewe bado?"

"Nimeacha, daktari."

"Unaachaje? Mimi siku nzima nang'oa. Nilikuwa na raha kujua kuna mtu hapo juu anapanda mawe."

"Ningeua mtu."

"Ungeua. Hukuua. Sasa wewe ndiye mtu pekee mtaa huu asiyeweza kusahau kabari. Nikipata mfanyakazi kama huyo kliniki, simwachi."

Jumamosi iliyofuata kamba zilishuka darini. Kuanzia siku hiyo palikuwa na sheria: jiwe halisogei hata unene wa ukucha mpaka mtu mmoja ashike kabari, na mtu huyo hana kazi nyingine. Kazi hiyo aliichukua yeye mwenyewe. Kuita "vuta" aliwaachia wengine. Watu waliodhani cheo kikubwa ni cha anayeita waligundua kwamba anayeita humtazama kwanza mwanamke aliyechutama kando ya jiwe na kipande cha mti mkononi, na asipotikisa kichwa kukubali, hakuna neno linalotoka.

Ndipo akalitaja jiwe la baba yake. Machimbo yalikuwa yamefungwa zamani, yamejaa majani, na jiwe lilikuwa bado pale ukingoni, limeota ukungu upande mmoja. Aliomba apewe, na ofisi husika ikafurahi kumpa kitu ambacho haikujua kama ni chake. Alitaka kulifikisha uwanja wa juu, upande wa pili wa ukuta huu wa makaburi, na kulisimamisha pale ambapo kila aliyewahi kufanya kazi machimboni angeweza kuliona akitoka nyumbani. Alitaka lifike kwa mikono na kamba, bila injini, na bila mtu yeyote kupoteza hata ukucha. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa lengo hasa. "Kulisogeza litasogea," alisema. "Watu wamesogeza makubwa kuliko hili. Nataka kuona kama tunaweza kulisogeza sote tukarudi nyumbani tulivyokuja."

Liliondoka ukingoni mwaka 2012 na kufika uwanjani mwaka 2018. Mtu mwenye lori angesema asubuhi moja. Lakini mtu mwenye lori hakuwapo pale jiwe lilipovuka barabara kuu, polisi wa usalama barabarani akiwa amesimamisha magari, kisha akaanza kupigiwa honi, kisha akavua kofia na kushika kamba. Miaka iliyofuata walijenga mteremko wa udongo, na mwishoni mwake kisima kikubwa kilichozungushiwa kuta za mbao, kikajazwa mchanga mkavu. Wazo la mchanga lilitoka jikoni. Siku moja mumewe alikuwa amesahau kopo zito juu ya gunia la unga lililotoboka chini. Unga ulipokuwa ukivuja, kopo likashuka taratibu, likainama, likasimama wima sakafuni bila kuguswa. Mwokaji akashika kichwa kwa ajili ya unga wake. Mkewe akapiga makofi. Basi, jiwe lingevutwa juu ya mchanga, mchanga ungefunguliwa mlango chini, na kitako cha jiwe kingezama kidogo kidogo mpaka kwenye shimo lake, kama mtu mzima anayeketi kitini. Likishainama vya kutosha, kamba zingelimalizia.

Jumamosi, tarehe 6 Aprili 2024, jiwe likiwa tayari juu ya mchanga, walifungua mlango wa chini. Usiku uliotangulia mawingu yalikuwa yamekusanyika, na Kikosi kilikuwa na turubai moja tu. Walilifunika jiwe. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Walikuwa wameliosha, wamelipenda, wamelivuta miaka sita, na wazo kwamba lingelowa liliwauma. Jiwe lililokaa mvuani tangu dunia iumbwe likalala kavu chini ya turubai, na mchanga, ambao ndio pekee uliohitaji kuwa mkavu, ukaachwa wazi, ukanyeshewa usiku kucha. Asubuhi ulitiririka kidogo, jiwe likashuka, likainama vizuri kabisa, kisha mchanga ukaganda na kila kitu kikasimama. Jiwe likabaki njiani, si la kulala si la kusimama. Mwokaji alichota mchanga kiganjani, akaubana, akaufungua. Ukabaki na alama za vidole vyake.

"Mke wangu, hili sasa ni donge."

Mama Taratibu alicheka mpaka akashikilia mbavu. Waliokuwapo wanasema ndipo walipoona anashikilia upande wa kushoto, na kwamba kicheko kilikwisha kabla ya mkono kushuka. Walipanga magogo chini ya jiwe mpaka liliposhikiliwa pande zote, yeye akagonga kila gogo kwa kabari yake kuhakikisha, wakajenga paa juu ya mchanga, wakatoboa matundu ya kupitisha hewa. Kisha mwanawe akampeleka hospitali.

Ulikuwa ugonjwa wa moyo, na daktari wake alikuwa mtu mkweli. Miezi ya kwanza alitibiwa akiwa nyumbani. Kuanzia Septemba alilazwa wodini, ghorofa ya tatu, kitanda cha pembeni kilichokuwa na dirisha linalotazama tangi la maji. Kila asubuhi mumewe alimletea mkate mdogo, na katika mfuko wa karatasi wa mkate, konzi moja ya mchanga kutoka chini ya jiwe. Aliubana mkononi, akafungua vidole. Ukibaki umeshikana, alisema "Bado," wakala mkate.

Nesi wa zamu ya asubuhi hakupendezwa. "Baba, hii ni wodi, si ufukweni. Nimekung'uta shuka mara ngapi?"

"Mwanangu, ni dawa yake."

"Dawa gani haijaandikwa kwenye cheti?"

"Kaa hapa nikueleze," mgonjwa akasema. Nesi alikaa kwa dakika moja aliyokuwa nayo. Kesho yake alikuja na sinia la chuma kutoka stoo, akaliweka mapajani mwa mgonjwa. "Humu," akasema. "Na mimi nataka kuona."

Mwanawe, ambaye naye ni dereva wa kreni, alikuwa na shauri lake. Alilileta Jumapili, mchana, akimenya chungwa ili asilazimike kumtazama mama yake.

"Mama, nipe asubuhi moja tu. Nakodi kreni, naendesha mwenyewe, saa nne jiwe limesimama. Nakupigia picha nakuletea hapa kitandani."

"Nani atakuwa amelisimamisha?"

"Mimi. Mwanao wa kumzaa."

"Wewe utakuwa umevuta kijiti. Litakuwa limesimamishwa na dizeli."

"Kijiti hichohicho ndicho kilichonisomesha, mama."

"Sijakitukana. Kilitulisha. Lakini babu yako hakuvunjwa na kreni. Alivunjwa na watu walioshika kamba moja bila kungojana. Nataka watu washike kamba, jiwe lile lile, na wangojane. Basi. Sina neno jingine na jiwe lile."

Mwana akagawa chungwa vipande, akampa. Kisha akauliza lililokuwa limemleta.

"Na usipoliona?"

"Mwanangu, wale waliosimamisha yale ya kale, unadhani wote waliyaona? Kuna aliyesuka kamba akafa. Kuna aliyekata magogo akafa. Kamba ilivutwa hivyo hivyo." Akala kipande cha chungwa. "Wewe ndiye utakayeita. Una sauti ya baba yangu. Ila usiite mpaka umtazame mwenye kabari."

"Kabari atashika nani?"

"Mtu anayejua kungoja donge liumuke."

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 9 Oktoba 2024, mumewe alifika na mfuko wake wa karatasi. Nesi alikuwa pale na sinia. Mama Taratibu hakuwa na nguvu ya kuketi, kwa hiyo mumewe alimwekea mchanga kiganjani na kumfunga vidole, kimoja kimoja. Akabana. Akafungua. Mchanga ukatiririka kati ya vidole vyake, wote, ukilia juu ya sinia kama mvua ndogo juu ya bati, mpaka kiganja kikabaki kitupu. Aliutazama, akamtazama mumewe, akasema, "Umeiva." Mwokaji anasema katika miaka arobaini na mitano ya ndoa hiyo ndiyo mara ya kwanza mkewe kutumia neno lake la jikoni mahali panapostahili. Waligawana mkate. Alifariki siku hiyo hiyo adhuhuri, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe, na chembe za mchanga zikiwa bado katikati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi, hasa nesi yule, ambaye amebadilishana zamu ili awe hapa na ambaye, kama mtakavyoona, amekuja na glovu.

Mama Taratibu ameacha mume, mwoka mikate. Mtoto mmoja wa kiume na mke wake. Wajukuu watatu, ambao mdogo wao anaweza kusema "ngoja" na halitii. Kaka wawili na dada mmoja. Mashemeji, mawifi na watoto wao. Kikosi cha Jumamosi chote, pamoja na walimu wawili ambao sasa wanasemezana, ingawa ni kwa ugomvi. Daktari wa meno. Na jiwe moja, refu kama watu watatu, lililoinama upande wa pili wa ukuta huu, limeshikiliwa kwa magogo, likisubiri.

Katika kazi zake zote, toka kokoto ya kwanza mpaka jiwe hili, hakuna mtu aliyeumia. Ni hesabu aliyotaka ifungwe leo hivyo hivyo. Kwa hiyo, tukishamaliza sala na kurudisha udongo, wote wenye mikono wanaombwa kupita geti dogo upande wa kushoto. Leo ni Jumamosi. Magogo yatatolewa, mlango wa mchanga utafunguliwa, na kamba mbili za kumalizia zimetandazwa nyasini. Vueni pete, fungeni kamba za viatu, shikeni watoto nyuma ya mstari wa chokaa. Mwanawe ndiye atakayeita. Mumewe atachutama kando ya jiwe na kabari ya mkewe mkononi, ile ya mti mweusi iliyolika pembe moja, na mpaka atakapotikisa kichwa, hakuna neno litakalotoka. Likitoka "vuta," vuteni pamoja. Likitoka "ngoja," acheni wote kwa pumzi moja, hata kama mnaona limebaki kidogo tu. Hapo ndipo baba yake alipovunjika.

Ndugu, Mama Taratibu ameweka kamba chini. Yeye apumzike kwa amani. Sisi bado hatujapumzika: zamu ni yetu. Taratibu.